Tairi la Nyuma, Njia ya Mkongo

Mama yangu alivunjika mguu wa kushoto akiwa amekaa nyuma ya pikipiki ambayo tairi lake la nyuma nililivalisha mimi, siku moja kabla, uani kwetu Umwe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, na tangu siku hiyo mama hajawahi tena kuchuchumaa.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilimpeleka hospitali akaangaliwe goti. Muuguzi aliyekuwa akijaza fomu alimuuliza mguu uliumia vipi. Mama akasema, "Pikipiki." Muuguzi akauliza kama waligongwa. Mama akasema, "Hatukugongwa. Tairi." Muuguzi akaandika, akageuza ukurasa, akauliza habari za presha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimeshika mkoba wa mama, na masikio yaliniwaka moto kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilitaja tairi. Basi niache nikueleze tangu mwanzo, kwa utaratibu, maana utaratibu ndio uliokuwa sheria ya kazi yenyewe.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pikipiki yake ilikuwa nyekundu, ya zamani, yenye kiti kirefu kilichoshonwa upya kwa ngozi ya kochi. Kijijini pikipiki zilikuwa chache, kwa hiyo yetu ilibeba kila kitu: madaftari ya shule, wagonjwa, kuku, mara moja mlango mzima wa mninga. Kiangazi ilipita kwenye mchanga na mbigili. Masika ilipita kwenye tope jeusi la bondeni, lile linaloshika kama gundi na kukaukia kwenye tairi mpaka ulibandue kwa kisu. Matairi hayakudumu. Kila baada ya miezi kadhaa moja lilikuwa linatolewa na jingine linavaliwa, na kazi hiyo ilifanyika nyumbani.

Fundi wa karibu alikuwa Ikwiriri, lakini baba hakumpenda. Alikuwa akitumia bisibisi kutoa tairi, na kila akimaliza, mpira wa ndani, tyubu, unakuwa na jeraha jipya. "Yule habadilishi tairi," baba alikuwa akisema, "yule anachinja." Kwa hiyo tulibadilisha wenyewe. Nasema wenyewe, lakini mikono ilikuwa yangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa baba havikukunjika tangu alipoumwa na nyoka shambani, kabla sijazaliwa. Aliweza kushika chaki na aliweza kushika mpini wa pikipiki, lakini spana ilimponyoka. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Aliniweka mbele ya gurudumu nikiwa na miaka tisa, yeye akakaa juu ya kigoda, akawa anaelekeza kwa sauti ileile ya darasani.

Nikifumba macho naweza kuifanya kazi ile hata leo. Kwanza unatandika gunia. Juu ya gunia unakusanya vyote utakavyovihitaji, vyote, kabla hujagusa nati hata moja: spana mbili, koleo, vyuma viwili bapa vya kuchokolea tairi, upawa wa mti ambao mpini wake ulikuwa chuma chetu cha tatu, beseni la maji yenye kipande cha sabuni, sahani ya bati, pampu na kopo la poda. Baba hakuruhusu mtu aanze kazi halafu aende kutafuta kifaa. Alisema mtu wa namna hiyo atasahau kitu kimoja kila siku ya maisha yake, na siku moja atasahau kikubwa.

Halafu unasimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, unalegeza nati, na kila kinachotoka unakipanga kwenye sahani kwa kuzunguka kama saa inavyozunguka. Kilichotoka mwisho kinarudi cha kwanza. Gurudumu likishatoka, unalilaza, unafungua pini ndogo ya valvu, hewa inatoka kwa mlio mrefu wenye harufu ya mpira mkongwe. Hapo inakuja sehemu niliyoipenda: kulikanyaga tairi mpaka kingo zake ziachane na rimu. Nilikuwa mwepesi, kwa hiyo ilinibidi nirukeruke kwa visigino nikizunguka, na mama akiwa jikoni alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Jamani mwali wangu huyo, ameanza kucheza kabla ngoma haijapigwa!"

Wengine hawakucheka hivyo. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walinong'ona kwamba binti mwenye spana nani atamposa. Jirani yetu mwenye duka, mama wa Kihindi ambaye babu yake alikuja Umwe kununua mpunga na hakuondoka tena, ndiye aliyekuwa upande wangu. Pampu ilikuwa yake. Nikienda kuazima aliitoa chini ya meza na kunikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. "Haya bibi fundi. Unirudishie na hewa yake."

Na poda, najua utauliza. Kabla ya kurudisha tyubu ndani ya tairi, baba alitaka ipakwe poda ya watoto, nyembamba, kila mahali. Tyubu kavu hushikana na tairi, ukiijaza hewa inajikunja mahali pamoja, na mahali palipojikunja ndipo patakapopasuka. Ikiwa na poda inateleza, inakaa sawa. Kwa hiyo kila tulipobadilisha tairi, uani kwetu kulinukia grisi, sabuni na mtoto mchanga kwa pamoja, na mpaka leo nikiingia nyumba yenye kichanga, vidole vyangu vinatafuta spana.

Sasa nikueleze kuhusu mama na mpunga, maana bila hilo hutaelewa kilichopotea.

Mama ni mzaliwa wa kijiji cha Mkongo. Bibi, mzaa mama, alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na kila mwaka mpunga ukianza kugeuka rangi bibi alihamia huko, akaishi juu ya dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa kwa miguu mirefu ya miti, na mtu anakaa humo wiki hata miezi, akifukuza ndege mchana na kupiga debe nguruwe na viboko wanapokuja. Wakati wa kuvuna, mama alikwenda kumsaidia. Kwetu mpunga ulivunwa kwa kisu kidogo, suke kwa suke, mvunaji akiwa ameinama au amechuchumaa, akisogea kidogo kidogo. Mama alikuwa maarufu kwa hilo. Nilimwona mara mbili tu akivuna, na kilichonishangaza ni ukimya wake. Wanawake wengine waliimba na kusengenya, mama alikata tu, kisu hakionekani, masuke yanajaa mkononi mwake kama yanaitwa. Watu wa Mkongo walisema, yeye akiingia shambani ndege wanahama wenyewe, wameshaona hawatabakiziwa kitu.

Alirudi na magunia yaliyotulisha mwaka mzima, na juu ya magunia kulikuwa na kikapu cha pepeta. Kama hukuzaliwa kwetu huenda hujui pepeta: mpunga uliovunwa ungali mbichi kidogo, ukakaangwa kwenye chungu, ukatwangwa ungali moto mpaka ukawa bapa. Unautafuna hivyo hivyo, au na nazi iliyokunwa. Una ladha ya moshi na ya majani. Tulikula tukiwa tumezunguka kikapu, na mama akituangalia huku akipaka mafuta vidole vyake vilivyochanikachanika.

Mwaka ninaousema, baba alishikwa na homa wiki ileile mama aliyotakiwa kwenda. Habari zilikuwa zimefika kutoka Mkongo kwamba mpunga umekomaa, na bibi peke yake hawezi. Mjomba, mdogo wake mama, akaitwa kutoka Kiongoroni ampeleke. Mjomba alikuwa mtu wa huko mwisho wa delta, kazi yake kukata mikoko na kuendesha boti, na aliweza kuendesha chochote chenye injini. Kutengeneza hakuweza. Alifika Alhamisi na samaki wakavu wa kutosha ukoo mzima, na mdomo uliokuwa haujapumzika tangu aliposhuka kwenye boti.

Ijumaa asubuhi aliizunguka pikipiki, akaliona tairi la nyuma. Lilikuwa limelika mpaka nyuzi zimechungulia. Tairi jipya lilikuwa limening'inia stoo likingoja baba apone.

"Shemeji!" mjomba alipaza sauti dirishani. "Hili mbona linafika Mkongo na kurudi!"

"Linafika likikubeba wewe peke yako," baba akajibu kutoka kitandani, sauti imekauka. "Likimbeba dada yako halifiki."

"Kwa hiyo mimi ndiyo mzito," mama akasema kutoka jikoni.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Na homa yako hiyo, umesema."

Baba akaniita. Aliniita "mama", kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama, tandika gunia."

Hii ilikuwa mara ya kwanza kufanya kazi bila yeye pembeni. Dirisha la chumba chake lilitazama uani, lakini kutoka kitandani aliona anga tu, kwa hiyo nilikuwa nasema kwa sauti kila nilichokifanya, naye akiitikia. Nimelegeza nati. Vizuri. Nimetoa cheni. Umeiweka wapi, isiguse mchanga. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba akila muhogo wa kuchoma, akinitazama kama anatazama mpira.

"Fundi," aliniambia, "hili tairi litafika Mkongo, au litatufikisha kwa Mola?"

"Litategemea dereva," nikasema.

Akacheka mpaka muhogo ukamtoka. "Dada, huyu mtoto mmempa chakula gani?"

Nilijiona mkubwa, nakwambia ukweli. Nililikanyaga tairi la zamani, nikalitoa. Nikapitisha kiganja ndani ya lile jipya polepole kutafuta kitu chenye ncha, kama nilivyofundishwa. Halafu nikanyoosha mkono nichukue kopo la poda, na lilikuwa tupu. Nililigonga kiganjani. Ilitoka harufu tu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na upele wa joto wiki ile, na poda yote ilikuwa imeishia shingoni mwake.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na nimelitazama kila upande. Sikuwa nimelikagua kopo kabla ya kuanza. Sheria ya kwanza kabisa, ile ya gunia, nilikuwa nimeivunja, na aliyekuwa ameketi mbele yangu ni mtu ambaye angelitangaza jambo hilo mpaka Kiongoroni. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, na duka la jirani lilikuwa limeshafungwa kwa sala ya Ijumaa na lisingefunguliwa mpaka alasiri. Ningeweza kumwambia baba. Angeniambia ningoje, nami ningengoja. Nilinyanyuka, nikasema naenda kubadilisha maji, nikaingia stoo.

Kwetu pumba za mpunga zilifanya kazi nyingi. Tulikandia chakula cha kuku. Tulikaushia sakafu ya banda. Zaidi ya yote, mama alihifadhia mayai ndani yake: aliyapanga kwenye ndoo, akayafukia, na yai lililokaa ndani ya pumba halikugusana na mwenzake wala halikupasuka hata ukibeba ndoo kwa baiskeli mpaka Kibiti. Mimi nilifikiri kwa njia hiyo. Kama yai linasalimika ndani ya pumba, tyubu nayo itasalimika. Nikachota, nikazichekecha kwa chekeche la unga, nikazichekecha tena, mpaka nikapata vumbi jepesi la rangi ya chai ya maziwa. Lilikuwa laini vidoleni. Nilihakikisha kwa kulipaka shavuni.

Mjomba alikuwa ameinuka kwenda kunawa. Nikaipaka tyubu upesi, pande zote.

"Mama," sauti ya baba ikaja. "Umefika kwenye tyubu?"

"Ndiyo, baba."

"Umepaka poda?"

"Nimepaka."

"Vizuri."

Nikamalizia. Nikaingiza tyubu, nikapitisha valvu kwenye tundu lake, nikalirudisha tairi kwenye rimu kwa vyuma na upawa na maji ya sabuni, sehemu ya mwisho kwa kupiga magoti juu yake. Nikapampu. Nikatemea mate kwenye valvu kuangalia kama yanatoa mapovu, na hayakutoa. Gurudumu likarudi mahali pake, sahani ya bati ikabaki tupu, hakuna kilichozidi. Mama alikuja akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza papai. "Limeiva," akasema.

Jumamosi waliondoka kabla ya jua kuwa kali. Mama alikuwa na mzigo wa nguo, sufuria moja, mkeka, na kisu chake cha kuvunia kimefungwa kwenye kitambaa. Aliniachia maagizo kuhusu baba na wadogo zangu. Mjomba alipiga honi mpaka wakapotea.

Yaliyotokea nayajua kwa kusimuliwa. Walikuwa wameikaribia Mkongo, kwenye mteremko wenye mchanga. Tairi la nyuma liliishiwa hewa kwa ghafla, pikipiki ikayumba kama nyoka, ikaanguka ubavu, na mguu wa mama ukawa chini yake. Mjomba alichubuka viwiko tu. Hakukuwa na mtu wala nyumba. Tairi lilikuwa limetoka nusu kwenye rimu, tyubu imechomoza. Mjomba aliivuta yote nje, akachukua kisu cha mama cha kuvunia, akaikata vipande virefu, akakata fito mbili porini, na akaufunga mguu wa dada yake kwa mpira ule. Hospitalini waliwaambia kwamba alifunga vizuri. Walipoikata mipira ile ili kumhudumia, iliingia kwenye ndoo ya taka, na hakuna aliyewahi kuikagua tyubu kutafuta ilipotoboka.

Lori la mkaa ndilo lililowabeba, na dereva wake ndiye aliyesimama nyumbani mchana kutuambia. Baba alitoka kitandani na homa yake, akavaa shati, akapanda lori lilelile. Mimi niliachwa na wadogo zangu na chungu cha mchuzi kikiwa jikoni. Nakumbuka niliendelea kukoroga mchuzi ule hata baada ya moto kuzimika.

Mwaka huo bibi alivuna alichoweza, majirani wakamsaidia kidogo, sehemu kubwa wakala ndege. Tulikula ugali. Kwa mtu wa Rufiji kula ugali mwaka mzima ni jambo la kuelezwa kwa wageni, na sisi tulieleza: mama ameumia. Alikaa kitandani, halafu akatembea kwa gongo, halafu bila gongo. Bondeni alirudi kuvuna mara moja tu, akajaribu akiwa amesimama, akashindwa kabla ya adhuhuri. Bibi alimtazama, akamwambia aende akapike. Mama akapika, na akawa mpishi wa wavunaji misimu miwili, halafu akaacha kwenda.

Baba alimuuliza mjomba ilikuwaje. Mjomba akasema ni msumari. Wiki chache baadaye nilimsikia akimwambia jirani mwenye duka kwamba ulikuwa mwiba. Alipokuja wakati wa Idi akasema mbele yetu sote kwamba tairi jipya lenyewe lilikuwa bovu. Hakuna aliyemshika kwa maneno hayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, na kila mtu aliona kwamba anabeba jambo lake mwenyewe.

Jioni moja baba aliniita, akanikalisha kwenye kigoda chake. Akaniambia, "Mama, usiwe na fikra. Nilikusikia hatua kwa hatua. Ulipaka poda. Hukukosea." Niliitikia kwa kichwa. Ndiyo nafasi niliyopewa, na niliitazama ikipita. Baba alifariki akiwa bado ananiamini hivyo.

Sikubadilisha tairi tena. Baba naye hakunitaka. Alianza kulipeleka gurudumu Ikwiriri, kwa yule aliyesema anachinja. Siku hizi Umwe kuna mafundi wenye mashine za upepo barabarani, na pikipiki nyingine matairi yake hayana tyubu kabisa, yanazibwa kwa uzi wa mpira bila hata kutoa gurudumu. Watoto wa ndugu zangu hawajawahi kuona tairi likifunguliwa nyumbani. Bondeni madungu yamebaki machache. Pepeta huletwa nyumbani ndani ya mifuko ya plastiki, na wenye meno ya zamani wanasema haina moshi.

Siku mbili baada ya kutoka hospitali tulikuwa uani, mama kwenye kiti, maana mkekani hawezi kukaa, akisuka ukili wa mkeka. Mwendesha bodaboda mmoja, mwanamume wa makamo, alipiga hodi akiisukuma pikipiki. "Shikamoo bibi. Naomba kivuli na beseni tu. Fundi pale juu amefunga."

Mama akamruhusu. Yule bwana akafungua gurudumu mbele yetu. Mimi nikajifanya nasoma simu. Aliziba pancha, akaikausha tyubu kwa kanga aliyopewa, halafu akageuka. "Bibi, hamna poda kidogo humu?"

"Poda hatuna," mama akasema bila kuinua macho kwenye ukili wake. "Pumba zipo."

Nikaweka simu chini.

Yule bwana akacheka. "Pumba! Bibi, wewe fundi wa zamani!"

"Mimi sijui kitu. Ni huyo mwanangu."

"Mama," nikasema. "Ulijua?"

"Nilikuona unachekecha mlangoni mwa stoo. Nilikuwa jikoni nafunga vyombo vya safari."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilifikiri, huyu mtoto ana akili." Akakata ukindu kwa meno. "Ningejua ni vibaya ningesema. Nilipanda mwenyewe, hakunipandisha mtu."

"Na baba hukumwambia?"

"Alikuuliza wewe. Hakuniuliza mimi."

Bwana wa bodaboda hakujua tunazungumza nini, lakini kazi yake aliijua. "Kwani pumba zina neno gani?" akasema. "Inategemea. Za kinu ni laini tupu, wazee wetu Mkongo wamezitumia sana. Za mashine ndiyo mbaya. Mashine inasaga na maganda yake. Hizo hata uzichekeche mara kumi, zinakula mpira kama msasa."

Mama akasimamisha mikono. Kwa mara ya kwanza mchana ule alinitazama.

"Mwaka ule zilikuwepo zote mbili," akasema. "Debe la kinu lilikuwa kushoto, debe la mashine kulia. Wewe ulichota lipi?"

Hakuuliza kwa kunishutumu. Aliuliza kama mtu ambaye amelifikiria jambo muda mrefu na angependa kujua. Yule bwana naye akangoja, tyubu mkononi.

Nakumbuka baridi ya bati mkononi. Nakumbuka harufu, na sauti ya mjomba akisukutua mdomo nje. Mkono wangu ulikwenda upande gani, sikumbuki. Stoo ile haikuwa na dirisha.